Kwa walimu wanaostaafu na macho yao yako baharini

Wadogo zangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nasikia kwenye kundi lenu mnaofikisha miaka 60 mwaka huu, wako wanne au watano ambao mafao hayajaingia benki lakini mashua imeshachaguliwa. Mmoja alinipigia simu juzi kuniuliza rangi gani haichujuki kwa maji ya chumvi. Rangi! Nikaona heri niandike.

Mimi nami nilistaafu hivyo hivyo. Nilinunua mashua ya futi 26 hapa Pangani mwezi wa Novemba, majira ya upepo mpole wa matlai, bahari imelala. Ilikuwa bluu na nyeupe, inang'aa. Ndani ya ngama, chini kabisa tumboni mwa chombo, muuzaji alikuwa amemimina saruji, akaniambia ni ya kukipa chombo uzito kisiyumbe. Nikaamini, maana nimefundisha jiografia zaidi ya miaka 30, nikajiona najua habari za upepo. Upepo mkali wa kusi ulipoanza, safari ya tatu, mabaharia walirudi wakifua maji kwa ndoo, kwa zamu, hadi mlango wa mto. Tukaipandisha mchangani. Fundi akagonga ile saruji kwa nyundo, ikang'oka kipande kizima kama sahani, na chini yake mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, ulikuwa umeoza, unachoteka kwa kijiko. Matengenezo yalikaribia bei niliyonunulia. Mama watoto hadi leo akiona mfuko wa saruji dukani hunitazama, halafu hutazama pembeni.

Kwa hiyo sikilizeni. Chombo cha mbao kitazameni mara mbili. Mara ya kwanza nendeni siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji yakipwa kabisa. Huku kwetu maji ya bamvua hushuka zaidi ya mita 3, chombo kinabaki kimekaa mchangani uchi. Pigeni magoti, mtazame mkuku kutoka omo, yaani mbele, hadi shetri, nyuma, kama mnavyotazama mstari ubaoni, umenyooka au umepinda. Kisu kidogo kiwe mfukoni. Chomeni pale mbao zinapokutana na mkuku, na kwenye miguu ya mataruma, zile mbavu za chombo. Kisu kikigoma, vizuri. Kikizama kama kwenye papai, fungeni kisu mwende mkanywe chai. Tazameni na michirizi ya kutu chini ya misumari, hata juu ya rangi mpya, kwa sababu rangi hufunika ubao lakini kutu hujitokeza. Na mdudu anayekula mbao haonekani kwa nje isipokuwa vitundu kama vya sindano, ndani ametengeneza barabara. Mwulizeni muuzaji mara ya mwisho chombo kilichomwa kwa makuti na kupakwa deheni, yale mafuta yenye chokaa, lini. Akibabaika, jibu mnalo.

Mara ya pili chombo kiwe majini. Hapa ndipo watu wanapochezewa. Mashua iliyokaa juani mwezi mzima mbao zake hukauka, na siku ya kwanza majini itavuja hata kama ni nzima. Muuzaji atawaambia, "Mwalimu, zitavimba tu." Ni kweli, huvimba. Basi mwambieni aiache ielee siku tatu zivimbe. Jioni ya siku ya tatu fueni maji yote, mpige alama ya mkaa kwenye taruma ndani ya ngama, asubuhi mrudi kabla ya muuzaji, mwone maji yamepanda hadi wapi. Hiyo alama haina maneno matamu.

Mashine nitaisema kwa ufupi. Kabla ya kuiwasha wekeni mkono juu ya kichwa chake. Ikiwa ya moto, mwenyewe ameiamsha kabla hamjafika. Iwake ikiwa baridi, na ikojoe maji ya kuipooza mfululizo. Boti ya faiba nayo, kandamizeni shetri pale mashine inaponing'inia. Ikibonyea, ubao wa ndani umeoza.

Karatasi je? Nendeni kwa Afisa Uvuvi na kwa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, mjue chombo kimesajiliwa kwa jina la nani na leseni yake ya mwaka ikoje. Kama mwenyewe ni marehemu, warithi wote waweke saini mbele ya serikali ya kijiji, hata yule aliyeko Dar. Yeye ndiye atakayekuja baadaye. Mkiambiwa bei ni pamoja na nyavu, zifungueni. Kokoro, wavu wa kukokota, na timba, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, ni marufuku, mtanunua kesi.

Sasa lile ambalo ningelijua mapema lingenisaidia kuliko hayo yote: tafuteni nahodha kabla ya chombo. Kila mashua ina sifa yake pwani, na nahodha anaijua ya kila moja, ipi iliwahi kupasuka mwambani, ipi ilibeba baruti za kuvulia samaki. Mkimpata wa kweli, atawakataza mashua mbili kabla ya kuwaonyesha moja. Kubalianeni naye mgao mapema, mbele ya mabaharia: gharama za mafuta, barafu na chakula zitoke kwanza, halafu fungu la chombo, la mashine, la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Kila kijiji kina desturi yake, fuateni ya pale. Na kitoweo cha baharia msikihesabu. Mimi nilikaa mnadani na daftari, nikiandika hadi changu wawili waliofungwa kwenye ukindu, kama mwalimu wa zamu. Nahodha wangu hakuniambia kitu. Kesho yake alikuwa kwenye chombo cha mwingine.

Mwenye kutaka kitoweo na upepo tu, na wako wengi kati yenu msijidanganye, anunue ngalawa. Haili petroli, watu wawili wanaitosha, na mirengu, zile mbao mbili za pembeni, ikivunjika fundi yuko hapo hapo kijijini.

Mafao yakiingia msinunue mwezi huo. Subirini kusi ivume, mwone vyombo gani vinatoka na vipi vimefunikwa makuti. Atakayetaka twende pamoja aje Pangani siku za bamvua, alfajiri, na kandambili za kulowa. Kisu ninacho.

Kaka yenu, Pangani, ng'ambo ya kijiji cha Bweni