Ile sifuri yako

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Huku wazima sote, na najua nimenyamaza tangu uliponitumia picha ya daftari lako. Uniwie radhi, mitihani ilinibana. Kilichonishikisha kalamu usiku huu ni habari aliyoniletea Mrefu: eti unataka kuacha fizikia kwa sababu ya lile swali la kutafuta chaji yote ya tufe. Tafadhali usijaze fomu yoyote kabla hujaimaliza barua hii.

Nimeipitia kazi yako mstari kwa mstari. Msongamano wa chaji, yaani chaji katika kila kipande cha ujazo, swali limeutoa: ρ = ρ₀(1 − r/R), ambapo r ni umbali kutoka kitovuni, R ni nusukipenyo cha tufe na ρ₀ ni msongamano wa kitovuni. Ni chanya kote ndani ya tufe, lakini jumla yako imetoka sifuri. Pembeni ukaandika "sielewi chochote." Sikubali. Kipande cha ujazo umekiandika sawasawa, r² sinθ dr dθ dφ, na hapo ndipo wengi hukwama. Kilichokuangusha ni mipaka ya integrali, yaani pale kujumlisha kunapoanzia na kuishia. Pembe zote mbili, θ na φ, umezipeleka kutoka 0 hadi 2π. Inayozunguka duara zima ni φ peke yake. θ huanzia ncha ya juu ya tufe na kuishia ncha ya chini, yaani 0 hadi π, basi. Ukiipitisha hapo unalikusanya tufe lilelile mara ya pili, safari hii sinθ ikiwa hasi, na mzunguko wa pili unafuta wa kwanza. Integrali ya sinθ hadi π ni 2. Hadi 2π haibaki kitu.

Kwenye r uliandika 0 hadi R, halafu ukakata R ukaweka infiniti. Niliumia kuona hivyo, maana la kwanza lilikuwa sahihi! Nadhani najua ulikolitoa. Tulipohesabu wingu la elektroni ya hidrojeni tulikwenda hadi infiniti, na pale ilikuwa lazima: wingu lile halina ukingo, linafifia tu. Ukiishia kwenye nusukipenyo cha Bohr, nanomita 0.0529, umekusanya kama asilimia 32 ya chaji. Ukienda mpaka mwisho ndipo inatimia −e kamili, chaji ya elektroni moja. Tufe lako lina ukingo. Nje ya R hakuna chaji, ingawa fomula ukiilazimisha itaendelea kukupa namba: baada ya R, 1 − r/R ni hasi, na jumla inazidi kuzama bila kikomo. Fomula haina habari kwamba tufe limekwisha. Wewe unajua, na mahali pa kuiambia ni kwenye mipaka.

Kwa hiyo kabla ya kuandika alama ya integrali jiulize: chaji inakaa wapi, inaanzia wapi, inaishia wapi? Kama lingekuwa ganda lenye uwazi katikati, tungeanzia ukuta wa ndani, si sifuri. Chora kwanza, hata kwa haraka. Mimi bado nachora.

Basi ukiweka 0 hadi R, 0 hadi π na 0 hadi 2π, unapata 4πρ₀(R³/3 − R³/4), ambayo ni πρ₀R³/3. Ni robo ya chaji ambayo tufe lingebeba kama msongamano ungekuwa ρ₀ kila mahali. Inaingia akilini, kwa sababu sehemu kubwa ya ujazo iko karibu na ukingo, na huko chaji ni haba.

Swali la pili, lile la sheria ya Gauss, inayopata uga wa umeme kutokana na chaji iliyozingirwa, hukuligusa, lakini ni ndugu wa hili: mipaka tena. Wakitaka chaji iliyo ndani ya umbali r, mpaka wa juu ni r yenyewe, kwa hiyo kinachokokotolewa ndani kipe jina jingine, r′, visigongane. Ukishavuka R, mpaka unabaki R hata uende mbali vipi.

Nirudi kwenye sifuri, maana ndiyo iliyokukatisha tamaa. Kuna sifuri za haki. Ufito wenye chaji kwa kila kipande cha urefu λ = kx, k ikiwa namba isiyobadilika na x ikihesabiwa kutoka katikati, kutoka −L/2 hadi L/2 unatoa sifuri kwa sababu nusu moja kweli ni hasi. Ukihesabu x kuanzia ncha moja, 0 hadi L, ni ufito mwingine, wenye kL²/2. Lakini chanya tupu haiwezi kujumlika ikawa sifuri, na hilo uliling'amua: mbele ya jibu uliweka alama ya kuulizia, kubwa, kwa wino mwekundu. Mtu asiyeelewa chochote angepiga mstari chini yake akafungua ukurasa wa pili. Alama ile ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Fomu umeshairudisha au bado unayo? Mwalimu umemwambia, au ni Mrefu tu? Je, ukiirudia hesabu usiku huu bila kuangalia namba zangu, unafika πρ₀R³/3? Na lile la Gauss, utanitumia lini? Mama mdogo amepona mguu?

Nasubiri picha ya ukurasa mpya.

Wako,
Jirani wa dawati