Barua kutoka Kibokoni

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Assalaamu alaikum. Halua imefika, ahsante sana. Mimi nimeonja kipande kama ukucha kwa sababu ya hii sukari yangu, iliyobaki wamegombania wajukuu.

Juzi kwenye simu uliniuliza nina nini hasa, nikakukatia maneno kwa kuwa watoto walikuwa karibu. Ni moyo. Mishipa inayoupelekea damu imekuwa myembamba, na nikijishughulisha kidogo tu damu haitoshi. Hapo ni kama mtu amenibwagia gunia la mchele kifuani, kisha maumivu yanapanda kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto. Mwanzo yalikuja nikipanda mpaka darini. Siku hizi kwenye ngazi ya saba nasimama, nimeshika ukuta. Kukanda mahamri nimeacha, na wajua ndiyo yaliyowasomesha wanangu.

Kinachoniuma ni miezi niliyopoteza. Zahanati niliyokwenda mwanzo waliniambia ni asidi ya tumbo, nikameza dawa za tumbo tangu Rajabu mpaka Mfungo Tatu. Usikubali kuambiwa asidi, shoga, ikiwa maumivu yanakuja ukitembea na kuondoka ukipumzika.

Sasa nina kichupa cha vidonge vya kuweka chini ya ulimi, nimekifunga kwenye pindo la leso. Lazima nikae kwanza, maana presha hushuka ghafla na mtu anaweza kuanguka. Kichwa hugonga, lakini gunia huondoka. Dakika 5 zikipita halijaondoka, ni hospitali, hakuna kungoja.

Wiki iliyopita waliniingiza mrija kwenye kifundo cha mkono, wakatia dawa ya kuonyesha mishipa, wakapiga picha. Daktari akanichorea kwenye karatasi: mishipa mitatu, yote imebanwa. Aspirini, dawa ya kupunguza mafuta ya damu na ya kutuliza mapigo nameza tayari, nitazimeza maisha, lakini ngazi bado zinanishinda. Kwa hiyo imebaki stenti au kupasuliwa.

Mwanangu anataka stenti. Ni kijibomba cha wavu kinachopitishwa humo humo kwenye mrija na kuuacha mshipa wazi, na kesho yake uko nyumbani. Kupasuliwa ni kufunguliwa kifua, wachukue mshipa wa mguuni na mwingine wa ndani ya kifua, watengeneze njia ya kupita kando ya palipoziba. Nilimwambia daktari asinifiche. Akanieleza utafiti uliotolewa mwaka 2012, wa watu 1,900 wenye sukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyobanwa, kama mimi. Katika miaka 5, kwa kila 100 waliowekewa stenti walikufa kama 16, na kwa waliopasuliwa kama 11. Ila kiharusi kiliwapata waliopasuliwa zaidi, 5 kwa 2.

Hicho kiharusi, shoga, ndicho kilichoninyima usingizi. Ulimuona marehemu mama alivyolala miaka ile, nikimlisha uji kwa kijiko. Nimeswali istikhara siku tatu. Na bado moyo wangu umeegemea kupasuliwa, kwa sababu nataka miaka, si nafuu ya haraka. Mwanangu amenyamaza, lakini ameshaanza kufuatilia mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, na yale watakayotuachia tulipe sisi.

Itakuwa Nairobi, tutapanda treni Miritini. Nikirudi, mfupa wa kifua unataka kama miezi mitatu kuunga, na muda huo sitanyanyua hata ndoo ya maji. Binti yangu yuko kazini kutwa. Chumba cha uani kina kitanda na feni mpya. Ukiweza kutoka Lamu, niandikie, nipange tarehe na daktari kwa kukufuata wewe.

Wasalaam,
Shogayo