Hamisi, iweke Jumapili tarehe 22 Machi

Mpendwa ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku ni wazima, baridi tu ndiyo haijatuachia.

Umeniomba ushauri kuhusu siku ya kuchagua wachezaji kwenye ligi yetu ya fantasi ya besiboli, ile ambayo kila mmoja wetu huunda timu ya wachezaji halisi na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani, maana umesema wapo wanaotaka ifanyike mwisho wa Februari. Ushauri wangu ni Jumapili tarehe 22 Machi 2026, saa nane mchana kwa saa za New York. Sababu nakuandikia hapa, ili watakapokuuliza uwe na la kuwajibu.

Msimu wa ligi kuu ya Marekani unafunguliwa Jumatano tarehe 25 Machi, timu ya Yankees ikiwa mgeni wa Giants kule San Francisco. Timu nyingi nyingine zinaanza kesho yake. Warushaji na wadakaji huripoti kambini katikati ya Februari, nusu ya timu Florida na nusu Arizona, na kuanzia hapo hadi siku ya ufunguzi ndipo watu wanapoumia. Mrushaji aliyekaa miezi mitatu bila kurusha kwa nguvu zote ndiyo kwanza anaanza kuupima mkono wake, na kama kiwiko kina kasoro, Machi ndipo inapojitokeza. Gerrit Cole wa Yankees alipasuliwa kiwiko tarehe 11 Machi 2025, msimu mzima ukapotea. Waliomchukua Februari katika raundi za mwanzo walianza ligi na pengo ambalo hakuna mchezaji wa bure, yaani asiyechaguliwa na yeyote, anayeweza kuliziba.

Mwaka huu kuna hatari ya ziada: mashindano ya dunia, World Baseball Classic, yanachezwa tarehe 5 hadi 17 Machi na fainali yake ni Miami. Kumbuka ya 2023. Edwin Díaz, wakati huo mrushaji wa Mets wa kufunga mechi, alichanika kano ya goti tarehe 15 Machi wakati Puerto Rico wakishangilia ushindi, akakosa msimu mzima. Siku tatu baadaye José Altuve akapigwa na mpira, kidole gumba kikavunjika. Ukichagua kabla ya tarehe 17, unanunua wachezaji ambao bado wana mechi za presha mbele yao. Na hata tarehe 18 bado ni mapema kidogo, maana mwaka huo wa 2023 Rhys Hoskins, wakati huo wa Phillies, aliumia goti tarehe 23 Machi, wiki moja tu kabla ya ufunguzi.

Majeraha ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kazi za watu. Alama za kuokoa mechi hutoka karibu zote kwa mrushaji mmoja katika kila timu, yule anayepewa raundi ya tisa, ya mwisho ya mechi, kulinda uongozi. Februari utakuta timu yenye wawili au watatu wanaogombea nafasi hiyo, na kocha hasemi kitu hadi wiki ya mwisho. Ukikisia vibaya, umebaki na mtu asiyekupa chochote. Chipukizi nao ni hivyohivyo. Mchezaji akikaa siku 172 kwenye kikosi kikubwa anahesabiwa mwaka kamili wa utumishi, kwa hiyo klabu huwa na hesabu zake za kumchelewesha kijana ligi za chini hata kama yuko tayari, ili ibaki naye muda mrefu zaidi kabla hajawa huru kuhama. Machi 2024 watu wengi walimchukua Jackson Holliday wa Orioles wakiamini ataanza siku ya kwanza. Tarehe 22 akarudishwa chini, akapandishwa tarehe 10 Aprili. Kuna pia wanaosaini kwa kuchelewa: mwaka huohuo Blake Snell alikubaliana na Giants baada ya tarehe 15 Machi, hakuwa na kambi ya maana, na mechi yake ya kwanza ilikuwa tarehe 8 Aprili.

Hoja ya wale wa Februari ina ukweli wake. Wakati huo bei za wachezaji hazijatulia, na anayefuatilia habari kila siku hupata wazuri katika raundi za chini. Kwenye ligi ya wazoefu watupu ningewaunga mkono. Lakini kwetu, wenye wanachama wapya wanne, faida hiyo itawaendea walewale wawili watatu, na mgeni aliyepoteza wachezaji wawili kabla ya mechi ya kwanza ataacha kufungua programu ifikapo Mei. Ligi ya watu 12 ambayo 3 wameshaacha kupanga vikosi vyao haina ladha tena, kwa anayeongoza na kwa anayeburura mkia.

Kwa nini basi usiisogeze hadi Jumanne tarehe 24? Kwa sababu programu nyingi huwafungia wachezaji wasiochaguliwa kwa siku moja au mbili kabla ya mtu kuruhusiwa kuwachukua. Ukichagua Jumanne usiku, mechi itaanza wakiwa bado wamefungwa, na aliyepatwa na jeraha la dakika ya mwisho hana pa kukimbilia. Jumapili inakuachia nafasi hiyo. Kusubiri hadi msimu uanze pia kunawezekana. Daniel Okrent na wenzake walioanzisha mchezo huu New York walifanya mnada wao wa kwanza Aprili 1980, mechi zikiwa zimeshaanza, na vikosi vilikuwa vinajulikana. Tatizo ni kwamba mpigaji mwenye homrani tatu (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja) katika siku nne za kwanza atapandishwa bei bila sababu, na takwimu za siku hizo hazihesabiki kwa yeyote.

Jumamosi tarehe 21 nimeikwepa kwa ajili ya Idi. Itaangukia Ijumaa au Jumamosi kutegemea mwandamo, na Waislamu wa ligi hawawezi kuacha wageni sebuleni wakae kwenye simu. Saa nane mchana nayo inawaachia wa kanisani muda wa kurudi nyumbani. Itakuwa saa saba mchana Minneapolis, saa tano asubuhi Los Angeles, saa kumi na mbili jioni London na saa tatu usiku Dar es Salaam. Angalia sana hapa: Marekani inasogeza saa mbele tarehe 8 Machi, kwa hiyo tofauti ya New York na Dar inashuka kutoka saa nane hadi saba, wakati Uingereza haibadili hadi tarehe 29. Ukituma mwaliko Februari andika saa za kila mji, usimwachie mtu ajipigie hesabu.

Weka sekunde 60 kwa kila zamu. Timu 12 kwa wachezaji 23 ni zamu 276, yaani saa nne na dakika 36 kama kila mtu atamaliza muda wake wote. Kwa kawaida hutumika karibu nusu, hivyo wa Dar watamaliza kabla ya saa sita usiku. Waambie wote wajaze orodha yao ya majina 40 au 50 kwenye programu mapema, ili intaneti ikikatika mashine iwachagulie kwa matakwa yao. Mkiamua mnada, kila timu ikiwa na dola 260 za mchezo za kununulia wachezaji, badala ya zamu, ongeza saa moja na nusu na mpumzike mara mbili.

Kama wengi watashinda kwa Februari, basi angalau panua nafasi za kuwaweka kando majeruhi kutoka 2 hadi 4 kwa kila timu, na uandike kanuni hiyo kabla ya siku ya kuchagua.

Nijulishe kura zilivyokwenda. Nisalimie wote nyumbani.

Ndugu yako,
Rajabu