Risala ya Klabu ya Sayansi ya Anga kwa Mgeni Rasmi: Kiti Kinachomwokoa Rubani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali kufungua maonyesho yetu, ambayo mwaka huu tumeyaelekeza kwenye kifaa kimoja tu, yaani kiti kinachofyatuka na kumtoa rubani wa ndege ya kivita pale ndege isipookoka tena.

Mheshimiwa, zamani rubani aliyepatwa na dharura alilazimika kufungua kifuniko cha kioo, kujifungua mikanda na kuruka mwenyewe. Ndege zilipozidi kasi, njia hiyo iligeuka mtego, kwa kuwa upepo ulimgandamiza kitini au kumbamiza kwenye mkia wa ndege yake mwenyewe. Tarehe 13 Januari 1942, nchini Ujerumani, Helmut Schenk alikuwa wa kwanza kujiokoa kwa kiti kilichosukumwa na hewa iliyoshindiliwa, baada ya ndege ya majaribio ya Heinkel He 280 kukumbwa na barafu. Nchini Uingereza, James Martin, ambaye mshirika wake Valentine Baker alikufa mwaka 1942 akijaribu ndege ya kampuni yao, aliitoa sehemu kubwa ya maisha yake kwa usalama wa marubani. Tarehe 24 Julai 1946 mfanyakazi wake, Bernard Lynch, alikubali kufyatuliwa kutoka ndege ya Gloster Meteor ikiwa angani, na tunaona ushujaa huo hautajwi inavyostahili. Viti vya kampuni yao hiyo, Martin-Baker, vimekwisha kuokoa watu zaidi ya 7,000.

Rubani anapovuta kishikio, kwa kawaida kilicho katikati ya mapaja, mikanda humvuta mgongo wake ukutane na kiti na miguu yake hubanwa isipeperuke. Kifuniko hurushwa mbali au kioo chake hupasuliwa kwa baruti. Kisha baruti nyingine hukisukuma kiti juu kwenye reli zake, na roketi iliyo chini yake hukipeleka mbali na mkia. Mwavuli mdogo hukituliza kiti kisipinduke ovyo. Ikiwa rubani yuko juu sana, kifaa kinachopima mgandamizo wa hewa huuzuia mwavuli mkubwa hadi afike kwenye hewa nzito na yenye joto zaidi, huku akipumua oksijeni iliyomo kitini. Akiwa chini, mwavuli hufunguka mara moja na kiti huachana naye. Yote hayo, karibu na ardhi, humalizika kwa sekunde chache. Katika ndege ya watu wawili, anayeketi nyuma kwa kawaida hutangulia, ili asiunguzwe na roketi ya mwenzake.

Wokovu huo una gharama. Kwa muda mfupi mno mwili husukumwa kwa nguvu inayoweza kufikia mara 12 hadi 20 ya uzito wake, na pingili za uti wa mgongo huweza kuvunjika. Ndiyo maana marubani hufundishwa namna ya kuketi sawasawa kabla ya kuvuta kishikio.

Viti vya leo huweza kumwokoa rubani hata ndege ikiwa imesimama ardhini. Mwaka 1989, kwenye maonyesho ya anga ya Paris, rubani wa Kisovieti Anatoly Kvochur aliiacha ndege yake ya kivita ya MiG-29 ikianguka kutoka kimo kidogo sana, naye akapona. Hata hivyo, ndege inayoporomoka kwa kasi humnyima rubani anayesitasita nafasi hiyo, kwa kuwa roketi hulazimika kwanza kuushinda mwendo wa kushuka. Kwa maoni yetu, uamuzi wa kuvuta mapema ndio sehemu ngumu kuliko zote, na hakuna fundi awezaye kuufunga kitini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayo michoro na vielelezo vya mbao tu. Tunaomba utusaidie kupata kiti kilichostaafishwa, ambacho baruti na roketi zake zimeondolewa na wataalamu, pamoja na fundi wa viti hivyo atakayetueleza jinsi vinavyokaguliwa na kwa nini pini za usalama haziondolewi kabla ya wakati wake.

Tunaomba kuwasilisha.