Viongozi wa mto, someni hii kabla ya Jumamosi

Habari zenu wapendwa, kwanza asanteni sana kwa ile kazi ya kupanda miche kingoni, imeshika vizuri mno. Sasa Jumamosi tunapima maji na naomba kila kiongozi awaambie watu wake mapema, tunaanza kule chini mto unakoelekea ndo tunapanda juu, sio kinyume, maana ukianzia juu unatibua tope linashuka linaharibu sampuli za wenzako wote. Chupa isuuzwe kwanza na maji ya mto wenyewe, na ukichota simama umeelekea maji yanakotoka.

Alafu mawe tunayageuza polepole. Mkiona wadudu wadogo wenye mikia mitatu myembamba na matamvua yanayopepea pembeni ya tumbo, furahini jamani, wale hawavumilii maji machafu yasiyo na oksijeni. Mkikuta minyoo myekundu mitupu basi pigeni picha mnitumie haraka. Na jiwe lirudi vilevile lilivyokuwa, tafadhalini sana.

Mvua ikipiga huko milimani usiku hakuna anayeingia majini, hata kama kwetu jua linawaka, nitaahirisha na sitaki mtu abishe.

Kingine, kuna wenzetu wanabeba vifaa, ripoti, simu za watu, kila kitu peke yao mpaka wanachoka, kila kiongozi atafute msaidizi na amwachie kazi kweli, sio jina tu.

Nani ana ndoo na glavu za ziada? Nijibuni hapahapa leo jioni.