Mpeni mtoto kitabu atakachokimaliza mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika katika ukurasa huu juma lililopita, akiuliza amnunulie vitabu gani mtoto wake wa darasa la tatu ambaye kusoma anajua ila hapendi. Mimi nina steshenari ndogo Kihonda, hapa Morogoro, huu mwaka wa kumi na moja. Nauza kalamu na madaftari, natoa fotokopi, nalamineti vyeti. Pia nina rafu moja ya vitabu vya hadithi, na kwa ajili ya rafu hiyo ndiyo maana naandika.

Wazazi wengi wakifika kaunta huomba kitu kimoja: "Mama, nipatie kile cha maswali na majibu." Mtoto yuko darasa la nne, upimaji wa taifa unakaribia, na mzazi ametenga elfu tano yake. Nawauzia, wala siwalaumu, maana mtihani upo na lazima ufanywe. Lakini mtoto ambaye nyumbani hana kitabu kingine ila hicho, anafika mahali anaamini kwamba kusoma ni kuulizwa.

Januari mwaka huu aliingia kijana wa darasa la nne na baba yake. Wakati baba anasubiri fotokopi, nikampa mtoto kitabu cha hadithi anisomee. Akaweka kidole chini ya mstari: "Wa-li-m-ngo... wa-li-m-ng'o-a..." Ile ng' ilimtesa, akarudi nyuma mara mbili, akaivuka. Ukurasa ukaisha bila kuruka neno hata moja. Nikamwuliza, "Haya baba, nani kang'olewa jino?" Akanyamaza, akamtazama baba yake. Nguvu zote zilikuwa zimeishia kwenye kutamka. Baba yake akaniambia kwa upole, "Lakini mama, si anasoma? Si umemsikia?"

Nilimsikia. Darasa la kwanza na la pili walimu wanahangaika na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kazi wanaifanya, tena katika madarasa yaliyojaa. Mtoto akivuka kwenda la tatu masomo yanaongezeka, na ghafla anatakiwa asome ili aelewe sayansi, aelewe na masomo mengine. Hapo katikati pana pengo, na kinacholiziba ni mtoto kusoma sana, vitu vyepesi, kila siku, mpaka macho yazoee. Hakuna msusi aliyejua kusuka kwa kichwa kimoja.

Sasa nije kwenye vitabu vyenyewe.

Kabla ya kulipa, mfungulie mtoto ukurasa wa katikati, asome kwa sauti. Kila neno linalomshinda, kunja kidole kimoja. Mkono ukifumba kabla ukurasa haujaisha, kirudishe rafuni, hata kama jalada lake linapendeza na hata kama mtoto wa jirani anakisoma. Leo hicho hakimfai. Mzazi asione aibu kumnunulia mtoto wa darasa la nne kitabu cha picha chenye mistari miwili kila ukurasa. Nimewaona watoto wakubwa wakikisoma kwa siri kule nyuma ya mashine, wakikimaliza, wakichukua kingine.

Kwa wanaoanza, mimi natumia hadithi za African Storybook. Ni mradi ulioanzia Afrika Kusini, na tangu 2014 umeweka hadithi zake kwenye intaneti bure, nyingi zikiwa kwa Kiswahili. Zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile zenye neno moja moja chini ya picha hadi zile ndefu za kumsomea mtoto. Leseni yake inaruhusu kuchapa. Kwa hiyo nachapa kurasa kumi na sita kwenye karatasi nne, nakunja, napiga pini mbili katikati, nauza shilingi elfu moja. Mwenye simu anaweza kumwonyesha mtoto humohumo kwenye simu, ila nakushauri uchape. Kwenye simu ujumbe huingia, mtoto akahama. Karatasi ataiweka chini ya mto na kesho ataiokota tena.

Akishaweza kusoma aya nzima bila kuchoka, mpe hekaya za Abunuwasi. Sijapata bado kitabu kinachozishinda hekaya hizi kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Kila kisa ni kifupi, kinaisha kabla usingizi haujamchukua, na mdogo ndiye anayemshinda mkubwa. Kuna binti mmoja hapa mtaani hununua mkate duka la pili halafu anapita kwangu kusoma akiwa amesimama. Siku alipofika pale Abunuwasi anaporudisha sufuria ya jirani ikiwa na kisufuria ndani, akisema sufuria imezaa, alicheka peke yake mpaka mkate ukamdondoka. Sikuwa na haja ya kumwuliza swali. Aliyecheka ameelewa.

Visa vingine msisubiri mpaka mvipate kitabuni. Kisa cha kima na papa, yule kima aliyesema moyo wake ameuacha nyumbani mtini, kiliandikwa Zanzibar na mmisionari Mwingereza, Edward Steere, na kuchapishwa 1870, lakini bibi yangu hakukipata kwake, alikipata kwa bibi yake. Msimulie mtoto kwanza, gizani, umeme ukikatika. Halafu mtafutie kilichoandikwa. Akijua kisa kinaelekea wapi, maneno magumu hayamtishi, anayarukia kama mawe ya kuvukia mto.

Wa darasa la sita na la saba wapeni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Nawasikia mkisema ni kigumu, ni cha sekondari. Kiswahili chake ni kipana, ni kweli, lakini mwanzo wake unamshika mtoto shati. Mjumbe wa mfalme anafika kwa liwali, usiku anamwona mwenyeji wake anawachapa manyani wawili kwa kiboko, kisha anawafuta machozi, anawalisha chakula kizuri. Kwa nini? Nimewasomea watoto sehemu hiyo barazani jioni nikafunga kitabu palepale, nikasema tutaendelea kesho. Kesho yake walifika kabla sijafungua duka.

Vya waandishi wetu wa siku hizi vipo pia. Elieshi Lema ametuandikia watoto wetu vitabu kadhaa, Safari ya Prospa ni kimojawapo. Wachapishaji Mkuki na Nyota nao wanatoa vya watoto. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia vitabu vya Kiswahili vya watoto kuchapishwa, na sehemu ya nakala hupelekwa shuleni. Aliye Dar es Salaam asisahau kwamba Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 1967, ina sehemu ya watoto, na huko hununui kitu.

Nimetaja nakala zinazopelekwa shuleni, na hapa nina la moyoni. Mwaka juzi nilipeleka rimu za karatasi kwenye shule moja, sitaitaja. Ofisini palikuwa na kabati la chuma lenye kioo. Ndani nikaona vitabu vya hadithi vya Kiswahili, si chini ya mia, vingine bado vimefungwa kwenye nailoni yake. Nikauliza watoto huvichukua siku gani. Nikaambiwa ufunguo uko kwa mwalimu mkuu, kwa sababu watoto wanavichana na ukaguzi ukifika vitaonekana vimeharibika.

Ndugu Mhariri, siku ile niliumia. Nje ya dirisha hilohilo watoto walikuwa wanakaa watatu kwa kitabu kimoja cha kiada. Ninawaomba walimu wakuu na wakaguzi, kitabu cha mtoto kilichochakaa kisihesabiwe hasara. Kinachotakiwa kuulizwa ni kile ambacho miaka mitatu bado kinanukia wino. Kuchanika si tatizo la kutushinda. Mimi nashona migongo kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni, napaka gundi, naweka jiwe juu usiku kucha, asubuhi kitabu kinarudi kazini. Shule yoyote ya Kihonda ikiniletea vilivyochanika nitavishona bure, kila Jumamosi mchana, nao watoto wa darasa la sita waje waone jinsi ya kufanya ili wajishonee wenyewe.

Kwako mzazi uliyeuliza: kwa mtoto wa darasa la tatu asiyependa, anza na vijitabu vitatu vya picha vya kuchapa, vile vya mistari miwili mitatu kila ukurasa. Vikiisha, na vitaisha wiki hiyohiyo, mletee Abunuwasi. Jioni kaa naye dakika kumi, asome yeye, wewe endelea kuchambua mchele. Akikwama neno, mtajie, asisimame hapo mpaka hamu iishe. Akimaliza usimpe mtihani. Mwambie tu akusimulie yule jirani alijibiwa nini alipokuja kuidai sufuria yake.

Mwenye steshenari,
Kihonda, Morogoro