Risala ya Wanafunzi wa Afrika Mashariki Wanaosoma Delhi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Utamaduni

Mheshimiwa mgeni rasmi, walezi wetu, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kikundi chetu ni cha wanafunzi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Kila mwaka huchagua jambo moja la nchi hii iliyotupokea na kulisoma kwa undani. Safari hii tumechagua imani ya Kibahai na jinsi ilivyoota mizizi kati ya Wahindu. Kila mgeni wa Delhi hupelekwa kulipiga picha lile hekalu la marumaru lenye umbo la yungiyungi, lililobuniwa na Fariborz Sahba na kufunguliwa 1986, kisha akaondoka bila kujua kwamba ni la Wabahai. Sisi pia tulikuwa hivyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Imani hii ilizaliwa Uajemi, kwenye mazingira ya Kiislamu, karne ya 19. Mwanzilishi wake, Bahá'u'lláh, alimtuma mfuasi wake Jamal Effendi kuja India miaka ya 1870, lakini kwa muda mrefu waumini walibaki wachache, wengi wao watu wa mijini wenye asili ya Uajemi. Hadi 1961 nchi nzima haikuwa na Wabahai 1,000. Mwaka huo walimu wao waliingia vijiji vya eneo la Malwa, jimbo la Madhya Pradesh, na kufikia 1963 hesabu zao wenyewe zilikuwa zimevuka 60,000.

Walimu hao hawakumwambia mkulima amtupe Krishna, mungu anayeabudiwa na Wahindu. Walianzia kwenye kitabu kitakatifu cha Wahindu, Bhagavad Gita, pale Krishna anaposema hujidhihirisha kila dharma, yaani njia ya haki, inapofifia, wakatangaza kwamba Bahá'u'lláh ndiye Kalki, mwokozi ambaye Wahindu wanamngojea. Mafundisho yakatungiwa bhajan, yaani nyimbo za ibada, za Kihindi, watu wakaimba. Na kwa mtu wa tabaka la chini aliyezuiwa kuchota maji kwenye kisima cha kijiji, kuambiwa kwamba binadamu wote ni wamoja, tena na mtu anayeketi naye kula, halikuwa jambo dogo.

Hapo kwenye Kalki tulibishana hadi usiku. Baadhi yetu, Waislamu kwa Wakristo, tuliona ni ujanja wa kuvuta wafuasi. Lakini Ubahai tangu awali unafundisha kwamba dini kuu zimetoka kwa Mungu mmoja, na Krishna humo anahesabiwa. Walimu hawakubuni kitu. Walichagua mlango wa kuingilia.

Mlango huohuo ndio unaovuruga hesabu. Wabahai hutaja waumini wapatao milioni 2 nchini India. Sensa ya 2011 iliandika 4,572. Hatuoni lazima mmoja awe mwongo. Aliyempokea Bahá'u'lláh bila kumwacha Krishna, akija karani wa sensa, anaweza kujibu "Mhindu" kwa moyo mweupe. Tena kwa sheria ya hapa, nafasi maalumu za masomo na kazi zilizotengewa matabaka yaliyobaguliwa ni za Wahindu, Wasikh na Wabudha tu. Maskini ana sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kujiandikisha vingine. Zaidi ya hayo, dini hii haina makasisi wa kuwafuatilia waumini vijijini, na wengi waliojiunga kwa wimbi huenda hawakutembelewa tena.

Palipojengwa taasisi, kazi inaonekana. Katika mji wa Indore ipo taasisi yao ya Barli, iliyoanza 1985 kuwafunza wasichana wa vijijini kusoma, kushona na kutunza afya.

Wenzetu wa Uganda wametukumbusha kwamba hekalu la Kibahai la Kikaaya, Kampala, lilifunguliwa 1961, mwaka uleule wa Malwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Changamoto yetu kubwa ni lugha: bhajan hizo ziko katika Kihindi, na wanaokisoma kati yetu ni wachache. Tunaomba utusaidie kumpata mwalimu wa Kihindi wa jioni, utuandikie barua ya utambulisho ya kwenda Indore na vijiji vya Malwa, na utuchangie nauli ya treni. Daraja la kawaida linatutosha.

Tunaomba kuwasilisha.